Saba ya Makedonia inahesabiwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi hupiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa hapa Morogoro. Nimekuwa nikisikiliza Makedonissimo ya mtunzi Pande Shahov na muziki umenikaa moyoni, ila nikijaribu kupiga makofi nao, baada ya muda mfupi nimeshapotea. Hata metronomu ya kwenye simu, ile ya kugonga mapigo sawasawa, haisaidii. Inahesabiwaje? Na huyu Shahov ni nani?

JIBU: Marahaba. Sikio lako ni zima. Umezoea pigo linalogawanyika sawasawa, na ngoma nyingi za Makedonia hazigawanyiki hivyo. Kipimo unachokikuta sana kule ni saba juu ya nane, yaani noti saba fupi zenye urefu sawa katika kila mzunguko, na nadhani wewe unahesabu moja hadi saba. Acha. Mchezaji wa oro, ile ngoma yao ya kushikana mikono, hahesabu saba. Anakanyaga mara tatu. Hatua ya kwanza ndefu, mbili zinazofuata fupi. Ile ndefu imebeba noti tatu, na kila fupi imebeba mbili.

Wanafunzi wangu nawapa maneno haya: samaki, wali, nazi. Sa-ma-ki, wa-li, na-zi. Silabi zote ziwe na urefu mmoja, na kofi lipigwe mwanzo wa kila neno. Angalia hapo kwenye samaki. Ulimi wetu utataka kuegemea "ma", maana Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Usiukubalie, uzito uwe kwenye "sa". Wengi hupotea hapo hapo. Yaseme ukitembea chumbani mpaka miguu ielewe, kisha weka wimbo wa kiasili wa Jovano, Jovanke, wa msichana anayekaa kando ya mto Vardar akianika kitani chake kiwe cheupe. Huimbwa polepole, kwa hiyo unapata nafasi ya kujisikia. Metronomu nayo usiitupe: iweke igonge silabi, na makofi yako matatu yapite juu yake.

Ukishazoea, jaribu ngoma iitwayo pajduško, ambayo ni tano: wali, samaki. Halafu kuna kumi na moja, ambapo neno refu linakaa katikati: wali, nazi, samaki, chumvi, ndimu. Hiyo usiiguse kabla saba haijakaa miguuni.

Sasa Shahov. Ni mtunzi wa Makedonia Kaskazini anayeishi Uingereza. Makedonissimo ameijenga juu ya nyimbo na ngoma za kwao, kwa ajili ya mpiga piano Simon Trpčeski, aliyezaliwa Skopje mwaka 1979, pamoja na fidla, selo, klarineti, saksafoni na ngoma. Kazi yake nyingine ninayoipenda mno ni Songs and Whispers, ya piano peke yake, inayomuenzi Chopin, mtunzi wa Kipolandi aliyeandika mazurka nyingi. Nami naona amechagua vizuri. Mazurka, ngoma ya Kipolandi, huhesabiwa tatu, na wapigaji wake wazuri hurefusha pigo mojawapo. Mkono uliokwisha kuishi na samaki-wali-nazi unaielewa mapema.

Kabla hujarudi kwenye rekodi ya Shahov, tafuta zurla na tapan vikipigwa peke yake. Zurla utaitambua mara moja, ni ya ukoo mmoja na nzumari yetu ya pwani. Tapan ni ngoma kubwa ya pande mbili inayoning'inizwa begani. Upande mmoja hupigwa kwa fimbo nene ya mbao, mwingine kwa kijiti chembamba chenye sauti kali. Fuata fimbo nene, kwa kuwa ndiyo inayoambatana na miguu. Kile kijiti kinajaza katikati. Kwenye kinanda, kazi ya fimbo nene mpe mkono wa kushoto: noti tatu tu za chini kwa kila mzunguko wa saba, moja kwa kila neno. Mkono wa kulia usiuruhusu kuingia wiki nzima ya kwanza.