Jibu: Boliti kuukuu zilizopakwa kadimi, je, zichomelewe?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuchomelea boliti kuukuu za mashine zenye mng'ao wa dhahabu, ambazo fundi mwenzako amekwambia zimepakwa kadimi. Ushauri wangu ni kwamba usizitie moto kabisa. Kadimi ni metali laini, nyeupe yenye rangi ya buluu kwa mbali, iliyogunduliwa mwaka 1817 na Friedrich Stromeyer wa Ujerumani akichunguza madini ya zinki, na sifa yake ya kuzuia kutu, hasa penye maji ya chumvi, ndiyo iliyoifanya ipakwe kwenye boliti za ndege na meli.

Hatari iko kwenye joto. Kadimi huyeyuka kwa nyuzi 321 za Selsiasi na kuchemka kwa 767, ilhali moto wa kuchomelea hupita hapo mbali sana, hivyo mvuke wake hutoka kabla chuma chenyewe hakijayeyuka. Anayeuvuta huenda asihisi lolote mwanzoni, kisha baada ya saa kadhaa akapata homa, kikohozi na kubanwa kifua, akadhani ni mafua tu. Akifika hospitali, amtajie daktari moshi huo. Kadimi ikirundikana mwilini huharibu figo.

Macho hayatoshi kuitambua, kwa kuwa zinki iliyotiwa kromati (kemikali ya kuzuia kutu) nayo hung'aa vivyo hivyo. Kuzipiga msasa pia si suluhisho, maana vumbi lake ni sumu. Nunua boliti mpya zisizopakwa kitu.