Chungu cha polepole kinafaa, ila pima umeme wako kwanza

Swali lenu la juma hili linauliza hivi: je, chungu cha umeme kinachopika polepole kinaweza kumsaidia mtu wa kazi nyingi apate chakula cha kushibisha nyumbani kwake? Jibu langu ni ndiyo. Nawaandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, ambako natengeneza maresho (majiko ya umeme), mapasi na mafriji ya watu. Nyumbani pia mimi ndiye napika siku nyingi, maana bibi yangu, yaani mke wangu, ni muuguzi wa zamu ya usiku. Lakini ndiyo yangu ina sharti moja, na sharti hilo halimo katika karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya katoni.

Mimi kila kitu hukifungua chini nione kuna nini. Chungu hiki hakina uchawi wowote. Kuna waya wa moto uliozungushwa pembeni mwa chombo cha bati, ndani yake mnakaa bakuli zito la udongo wa kuchomwa, na juu kuna kifuniko cha kioo. Vyungu vingi vya nyumbani vinakula wati 150 hadi 300. Resho la kawaida linakula 1,000 au 1,500. Hesabu yake ni nyepesi: chungu cha wati 200 kikiwaka usiku kucha, muda wa saa nane, kimekula kilowati-saa 1.6. Resho la wati 1,500 linazimaliza hizo kwa saa moja na dakika chache, na maharage bado ni magumu. Sizungumzii hata makala, yaani mkaa, ambayo mvua zikianza tu yanapanda bei, tena yanafika yameloa na kukutoa machozi.

Sasa sharti. Chungu kile kimetengenezwa kwa volti 220, lakini jioni, kila nyumba ikiwa imewasha resho la bukari (ugali) kwa wakati mmoja, ni nani huku mitaani anapata volti 220? Taa zinakuwa nyekundu, friji inanguruma bila kuanza. Nimeweka kipimo kwenye soketi za wateja nikasoma 160. Watu hudhani volti zikishuka kidogo, moto nao unashuka kidogo. Sivyo. Nguvu ya waya wa moto inashuka kwa mraba wa volti: chungu cha wati 200, ukikipa volti 160, kinabaki na wati 106 hivi. Karibu nusu imepotea, na kitaa chake bado kinawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa resho, hasara ni kuchelewa tu. Kwa chungu cha polepole ni hatari, kwa sababu chenyewe kwa asili kinapanda moto taratibu. Nyama ikikaa saa nyingi kati ya digrii 5 na 60, hapo ndipo vijidudu vinazaana vizuri. Mtu anafungua kifuniko asubuhi, anaona mvuke kidogo, anasema chakula kiko tayari. Kumbe kimelala vuguvugu usiku mzima.

Ndiyo sababu mimi siuachii umeme wa jioni kazi ya kuchemsha. Chakula nakichemsha kwanza kwenye mbabula (jiko la makala) au kwenye gesi, nakimimina ndani kikiwa kinatokota, halafu nakiwasha kwenye alama ya juu. Watu wakishalala na volti zikapanda, nashusha alama. Alama hizo mbili, kwa habari yenu, mwisho wake zinafika karibu joto moja, chini kidogo ya kuchemka; inayozitofautisha ni haraka ya kufika. Anayetaka kujua kama umeme wa nyumba yake unatosha, atie maji nusu ya chungu, afunike, awashe alama ya chini kwa muda wa saa nane, kisha atumbukize kipimajoto cha jikoni mara tu anapofunua. Akikuta digrii 85 kwenda juu, apike kwa amani. Akikuta 65, akiweke kwa ajili ya kutunzia moto mchuzi wa wageni uliokwisha kuchemka.

Basi kipikwe nini? Maharage kwanza. Ndiyo kazi ambayo chungu hiki kilizaliwa nayo: Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1940, alikiita kwa jina la maharage, Naxon Beanery. Wazo alilipata katika hadithi za mama yake juu ya chakula cha Sabato cha Wayahudi wa Lithuania, kilichoachwa usiku kucha ndani ya tanuru la mkate la mtaani. Jina Crock-Pot lilikuja mwaka 1971, kampuni ya Rival ilipokwisha kuinunua kampuni yake. Hapo ndipo akina mama wa Marekani waliokuwa wanatoka kwenda kazini walipokikimbilia.

Lakini maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo inavunjwa na mchemko wa nguvu tu. Joto la wastani haliiwezi. Maharage yaliyopata vuguvugu peke yake yaweza kukudhuru kuliko hata mabichi, na baada ya saa chache utatapika na kuharisha. Kwa hiyo yaloweke tangu asubuhi, mwaga maji yale, tia mengine, chemsha kwa moto mkali. Dakika 10 ndizo za chini kabisa. Mimi naacha 30, kwa sababu Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na maji yetu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Baada ya hapo ndipo yanaingia kwenye chungu na kitunguu, seleri na mafuta. Nyanya hapana. Nyanya ina ukali unaofanya ganda la haragwe likatae kulainika. Nakaanga pembeni asubuhi, namimina mwishoni, nafunika nusu saa.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, alikaa sebuleni akakitazama chungu muda mrefu. Kwa heshima iliyoko kati yetu hawezi kuniuliza moja kwa moja mambo ya jikoni, basi akamtuma binti yake: «Muulize bwana yako, kile chungu kinapika ao kinalala?» Nikajibu kupitia njia ileile kwamba kinapika kikiwa kimelala. Asubuhi alikula maharage yale na wali, akaomba kuongezwa, na wala hakusema neno juu ya chungu. Kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa kubwa.

Cha pili, na hapa ndipo napenda kukaa, ni miguu ya ng'ombe. Sokoni wanakukatia kwa shoka vipande vya kiganja. Angalia iwe imebabuliwa vizuri, kisha nyumbani ikwangue kwa kisu mpaka ngozi iwe ya manjano. Chemsha mara ya kwanza dakika 20, mwaga maji hayo na povu lake. Panga vipande chini ya bakuli, vitunguu viwili juu, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, pilipili nzima isiyopasuliwa, chumvi. Maji ya moto yafike nusu ya nyama tu. Wengi wanaharibu hapa: wanatia maji kama ya sufuria ya mbabula, wakati chungu hiki hakipotezi mvuke, unaopanda unagonga kioo na kurudi chini. Ukijaza, unapata supu ya hospitali.

Usiku wote mishipa na ngozi ile ngumu inayeyuka yenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi ukitia kijiko, mfupa unatoka mtupu, nyama inabaki inatetemeka, na mchuzi unagandisha midomo. Bakiza mchuzi kidogo kwenye sahani mpaka upoe: utashikana wenyewe bila unga. Bibi yangu anarudi kutoka zamu wakati huo, na kwa Juni na Julai, baridi yetu ya hapa ikiuma, hakuna chai inayoshinda bakuli hilo. Kuku mzee wa mayai, yule anayeuzwa rahisi kwa sababu hatafuniki, anafuata njia hiyohiyo.

Sombe nimeulizwa sana na wateja. Inawezekana, lakini si kwa kuitupa mbichi ndani na kufunika. Majani ya muhogo yana sianidi. Kuyatwanga vizuri kunaifungua, na kuyachemsha sufuria ikiwa wazi kunaitoa na mvuke. Ukifunika kioo tangu mwanzo, unaifungia humohumo. Twanga, chemsha wazi mpaka harufu ya ubichi iishe na rangi igeuke, ndipo upeleke kwenye chungu na mafuta ya ngazi (mawese), karanga za kusaga na samaki wa chumvi. Ikishalala humo inakuwa laini kama ya msibani.

Samaki wa Thomson, yule wa barafu, msimpeleke, atavunjika awe uji. Lengalenga (mchicha) wala msifikirie. Na bukari, jamani, bukari inataka moto na mkono.

Kuna pia delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Umeme ukikatika wewe ukiwa macho na chakula hakijaiva, kihamishie mara moja kwenye makala umalizie, usikae kungoja. Kikiwa kimeshaiva, na kifuniko hakijafunuliwa, kula ndani ya saa mbili. Ukiamka asubuhi ukakuta umeme umerudi lakini saa ya ukutani inayotumia umeme imechelewa sana, mwaga, hata kama kinanukia. Najua inauma, nyama si bei ya mchezo. Na usifunue kila mara kuchungulia: kila ukifunua, unaongeza kama dakika 20 au 30 za kupika, maana moto wake hauna nguvu ya kurudisha haraka ulichotoa.

Kabla hujanunua, geuza chungu usome kibandiko chini. Vile vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni vya volti 120. Ukikichomeka kwenye 220 kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya yake. Bakuli linapasuka au waya unakatika, kisha unaniletea mimi. Waya ukikatika nabadilisha. Bakuli lililopasuka sina dawa yake. Kwa familia ya watu sita chagua cha lita 6, na kijae zaidi ya nusu, kwa sababu kilicho kitupu kinaunguza pembeni.

Na asiye na umeme wa kuaminika asidhani swali hili halimhusu. Tafuta kapu kubwa au katoni ngumu, tandika blanketi nzito chini na pembeni, acha shimo la sufuria. Maharage yaliyolowekwa chemsha dakika 30 juu ya mbabula, sufuria ikiwa imejaa na kifuniko kikibana, iondoe ikiwa bado inatokota, itumbukize ndani, funika kwa mto na blanketi nyingine, funga. Makala uliyowasha ni ya nusu saa tu. Baada ya muda wa saa nne au tano fungua, rudisha motoni mpaka ichemke tena vizuri, ndipo utie nyanya zako na chumvi.