Kwa mwanangu, kuhusu udiwani na jezi nyekundu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na mwanao amenisomea mara mbili nisije nikasema sikusikia vizuri. Unauliza kama uchukue fomu ya udiwani uchaguzi ujao. Wenzako wa tawi la klabu ya Simba wameshapiga hesabu: mashabiki wa kata nzima wakisimama na katibu wao, hakuna wa kukutoa. Jezi itakubeba, ndivyo wanavyokwambia.

Hebu nianze na hiyo jezi. Udiwani ni shauri lako, ila jezi si yako peke yako. Mpira una wenyewe. Baba yako, Mungu amrehemu, alilisema neno hilo hadi majirani wakalikariri, na tangu aondoke nimebaki nalo mimi.

Kijiwe chetu cha Magomeni hukukifaidi, wewe unakumbuka mwarobaini na benchi tupu. Mimi nimekaanga mihogo pale miaka na miaka, macho kwenye karai, masikio kwenye redio. Redio ilikuwa ya yule fundi cherehani, Yanga damu, watani wetu. Lakini Simba ikicheza na timu ya nje, betri mpya alinunua yeye kwa pesa yake. Mwaka 1979, nikiwa bibi harusi mgeni mtaani, Mufulira Wanderers walitufunga 4-0 hapa hapa Dar es Salaam, watu wakashindwa kula. Tukaenda kwao Zambia tukawapiga 5-0. Habari ya goli la tano ilipotufikia, wa kwanza kurusha kofia juu alikuwa huyo huyo fundi wa Yanga. Na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, benchi lile lile likawakalisha CCM, NCCR na CUF. Walibishana tangu asubuhi, mechi ikianza wakanyamaza. Hakuna aliyewapangia.

Ikaja Novemba 1993. Simba fainali ya Kombe la CAF, na Stella ya Abidjan. Kwao tulitoka 0-0, na mji mzima ukaamini kazi imekwisha. Wachezaji walikuwa wameahidiwa magari, na Rais Mwinyi mwenyewe alikuja uwanjani. Televisheni Bara hatukuwa nayo. Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tulisubiri hadi 1994, kwa hiyo asiyefika Uwanja wa Taifa alibaki na masikio yake tu. Kila mtu alitaka kufika.

Asubuhi ile akaja mtaani bwana mmoja aliyekuwa ameshaanza kuutamani ubunge. Chama chake sikitaji, maana angeweza kutoka chama chochote. Alileta basi. Kwenda uwanjani bure, ila kila anayepanda avae fulana yake. Baba yako akamwuliza, "Na fundi je? Huyu ni Yanga, na chama chake kingine, ila leo anakwenda kushangilia Tanzania." Yule bwana akacheka, akasema basi halina nafasi ya watani. Nusu ya benchi wakavaa fulana wakapanda. Baba yako, mimi, fundi na wengine wachache tukagombania daladala.

Tulifungwa 2-0. Magoli yenyewe sitaki kuyasimulia, hadi leo mtu akimtaja Boli Zozo, mfungaji wao, naondoka sebuleni. Ninachotaka ukijue ni kilichotokea nje ya geti. Basi halikuwepo. Lilikuja kubeba ushindi, na ushindi ulipokosekana likaenda zake. Nikawaona majirani zetu wamesimama barabarani na fulana za mtu, wanaona haya kututazama. Tukarudi wote kwa miguu kwa Barabara ya Kawawa, wenye fulana mbele, sisi nyuma. Fundi alikuwa akiwakimbilia kuwapa pole, hawakumwitikia. Kesho yake redio haikutoka nje. Alisema imeharibika. Haikuharibika, usiku niliisikia ndani kwake. Watu wale hawakukaa tena benchi moja, mwanangu, na hilo liliniuma kuliko Stella, na linaniuma hata sasa ninapokuandikia.

Najua utakachonijibu. Utasema mpira na siasa havijaachana tangu zamani, na ni kweli. Wazee wengi wa Yanga wa miaka ya 1950 walikuwa ndio hao hao watu wa TANU. Na sisi tulilivua jina la Kiingereza la Sunderland mwaka 1971 tukawa Simba, jambo la siasa tupu, na mimi nalipenda. Kwa hiyo siwezi kusema siasa isikanyage uwanjani, nitakuwa nasema uongo. Ila wazee wale walikuwa wanachama. Walilipa ada, walikaa vikaoni, timu ikifungwa walirudi nyumbani na wenzao. Hawakuleta basi la kwenda tu.

Wanaopanga mambo siku hizi wanasahau hilo. Tarehe 8 Mei 2021 watani walipangiwa kucheza saa 11 jioni, na siku hiyo hiyo ya mechi saa ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja kwa saa ya awali, wakaondoka, mechi ikafa. Mimi wa Msimbazi, yaani Simba, nilisema pale sebuleni kwamba Yanga wana haki, mdogo wako akanuna siku mbili. Watu walikuwa wametoka mikoani, tiketi mkononi. Jioni ndiyo saa ya mpira: mama ameshafunga biashara, mtoto anarudi nyumbani giza halijaingia. Mechi ilipochezwa Julai tukafungwa 1-0, na bado sikubadili neno langu. Mpira una wenyewe, nao ni wale waliokuja. Siku hizi naona aliyekaa kwenye kochi ndiye anayeulizwa saa, na wa jukwaani anaambiwa tu.

Halafu najibishana mwenyewe usiku. Azam wa televisheni na TFF, shirikisho la mpira, walipotia saini mwaka 2021 ligi ionyeshwe, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, niliwakumbuka wachezaji wa enzi zetu waliostaafu bila hata baiskeli. Nikasema, acha kamera zije. Na mimi na magoti haya, ningewaona wapi Simba pale Amaan, Zanzibar, mwaka 2025, marudiano ya fainali na RS Berkane, kama si king'amuzi ulichoniletea? Kwao tulishafungwa, hapa tukatoka 1-1, kombe likaenda Morocco, nikalia, lakini nililia nikiwa nimeona kwa macho yangu. Zile milioni 5 za Rais Samia kwa kila goli nazo, mwaka 2023, nilijiandaa kuzilalamikia. Nikatazama: Simba wanapewa, Yanga wanapewa. Hazikuuliza jezi. Nikanyamaza. Na kibanda umiza cha kutazamia mpira pale kona, ambacho baba yako asingekubali hata kukiangalia, ndicho kijiwe kilichobaki mtaani. Kila mtu analipa kiingilio chake, na Simba na Yanga wanabanana kwenye benchi moja kama zamani.

Kwa hiyo sisemi mwenye cheo akae mbali na mpira, wala mtu wa mpira asitafute cheo. Diwani aliyetutengenezea mtaro wetu alikuwa mwenyekiti wa timu ya mchangani, na alifanya kazi. Lakini huyo hakuomba kura kwa jezi. Nakumbuka vizuri, aliomba kwa jina lake, na watu wa Yanga walimpigia.

Sasa unataka niseme ugombee au usigombee. Jibu ninalo, limenikaa mdomoni tangu juzi. Nikisema nenda, utawaambia watu mama kasema. Nikisema usiende, utanung'unika miaka mitano, nakujua. Basi nalizuia, ingawa linanikera kulizuia. Nakuuliza tu: siku ya kampeni, yule mwekahazina wenu ambaye chama chake si chako atakaa wapi? Na watu wa Yanga wa kata yako, ambao nao wanataka maji na taa za barabarani, utawapita nyumba zao?

Kama utachukua fomu, ukatibu uuache kwanza. Usiseme utauacha ukishinda. Itisha kikao, mbele ya wote, na wale wasiokupenda wawepo. Kabidhi mhuri, daftari la michango na funguo ya ofisi kwa mtu ambaye hagombei chochote. Bendera ya tawi ibaki ukutani, isitoke kwenda kwenye mkutano wa mtu yeyote, hata wako. Wakikufuata baada ya hapo, watakuwa wamekufuata wewe. Wasipokufuata, afadhali ujue mapema, kabla hujakopa pesa za mabango.

Nimeona hapa nimeshakaribia kulitoa lile jibu, kwa hiyo niishie. Umesema kikao ni Jumapili. Nipigie kikiisha, si kabla, uniambie mhuri ameupokea nani.

Mama yako