Msitu wa kijiji siyo wa mwenyekiti: maswali yenu ya wiki hii

Meseji zimejaa, nimechagua tano. Zile za "nisaidie mkaa wangu umeshikwa getini" (geti la ukaguzi wa mazao ya misitu barabarani) nimefuta zote, msinitumie tena.

Mikaratusi nimepanda mwenyewe shambani, nikate kwa kibali cha nani?
Miti ni yako. Ila anza ofisi ya kijiji upate barua kwamba imetoka shambani kwako, maana kukata siyo shida, shida iko getini.

Lori la mbao likitembea usiku linakamatwa kweli?
Linaweza! Kwa miaka mingi kanuni ilikataza kusafirisha mazao ya misitu saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, hata TP yako (hati ya kusafirishia) iwe imenyooka vipi, kwa hiyo kabla hujapakia uliza ofisi ya misitu kama bado iko hivyo. Nimelijibu hili mpaka nimechoka.

Mwenyekiti kawaruhusu watu wa mbao wavune mninga kwenye msitu wetu, anasema ni wa kijiji. Ana haki?
Wa kijiji ndiyo, wake hapana. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kitenge msitu wake, lakini lazima iwepo kamati ya maliasili, mpaka ujulikane, uwepo mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu upitishe halafu ziende kwa madiwani. Hayo yakikamilika hela ya mauzo ni ya kijiji, siyo ya mtu. Sasa nyie mwambieni alete muhtasari wa mkutano mkuu, mpango wa uvunaji, kitabu cha risiti na nyundo. Nyundo ni kile kichuma chenye herufi usoni, gogo linagongwa na kisiki kinagongwa, kwa hiyo nendeni porini mkaangalie visiki, kisiki kisicho na alama jueni mmeibiwa. Kijiji kimoja nilikuta nyundo iko uvunguni mwa kitanda cha mwenyekiti, kitabu cha risiti kimeandikwa kurasa tatu tu na visiki nilihesabu nikaacha mwenyewe. Na nyie wanakijiji mkutano ukiitwa hamwendi, mnakuja kushtuka lori likishapita.

Sisi hatuuzi mbao, tutenge msitu wa nini?
Kwa sababu pori lisilo na karatasi kila mtu analiona la bure, mchoma mkaa, mfugaji, na yule mwekezaji anayekuja na ramani yake. Waulizeni kijiji cha Nanjirinji A kule Kilwa, wao walitenga wakauza mbao zao wenyewe. Nyie mnasubiri nini?

Nikilima mchicha ukingoni mwa mto kiangazi tu, ni kosa?
Ni kosa, "kiangazi tu" haimo kwenye sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe. Na aliyekushauri upande mikaratusi hapo chemchemi mkimbie, ule mti unakunywa maji kuliko ng'ombe wako wote. Huna futi kamba? Hesabu hatua 80 za mtu mzima, na uanzie ukingoni, siyo katikati ya maji kama jirani yako.