Maktaba imo humo humo ndani ya kompyuta

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Tukuyu. Maabara yetu ina kompyuta 12, zote zina mfumo endeshi wa Debian 11, na moja yenye diski kubwa ndiyo tunayoiita seva. Intaneti ni ya simu yangu. Nikiwagawia vijana bando linaisha kabla kipindi hakijafika katikati, na mvua ikishika, mtandao wenyewe unayumba. Nimewafundisha kutumia man, amri ya kusoma miongozo ya mfumo, ila ile skrini nyeusi inawachosha, wengine wakishaingia hawajui hata kutoka, wanazima mashine. Nimesikia kuwa maelezo yote yanayokuja na mfumo yanaweza kusomwa kwenye kivinjari, bila bando. Ni kweli? Na yanaweza kukaa kwenye seva, darasa zima likasoma?

La pili ni langu mwenyewe. Nimeweka cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba, inakili alama za wanafunzi kila Ijumaa saa kumi jioni. Hii ni wiki ya tatu, folda ya akiba ni tupu. Mstari wenyewe ni huu:

0 16 * * 5 tar czf /akiba/alama-$(date +%F).tar.gz /home/taaluma

Hiyo sehemu ya tar, inayofunga mafaili pamoja, nikiipiga kwa mkono inafanya kazi bila shida.

JIBU: Marahaba mwalimu, poleni na mvua. Naanza na la pili, kwa sababu alama za watoto haziwezi kusubiri, na pia kwa sababu jibu lake lilikuwa ndani ya seva yako siku zote hizo tatu za Ijumaa.

Ukiandika man crontab unaletewa ukurasa mfupi: namna ya kuhariri ratiba kwa -e, kuiona kwa -l, kuifuta kwa -r. Muundo wa mstari wenyewe haumo. Lakini teremka hadi chini, utakuta crontab(5). Namba hiyo iliyo kwenye mabano wengi wanaipita kama pambo, kumbe inataja sehemu ya mwongozo. Sehemu ya 1 ni amri za watumiaji, ya 5 ni muundo wa mafaili, ya 8 ni amri za msimamizi wa mfumo. Mpangilio huu ni wa zamani mno. Mwongozo wa kwanza wa Unix, babu wa mifumo ya aina hii, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na humo tayari muundo wa mafaili ulikuwa sehemu ya tano. Basi piga:

man 5 crontab

Humo imeandikwa wazi kwamba ndani ya mstari wa cron alama ya asilimia, %, inageuzwa kuwa mwisho wa mstari, na kinachofuata baada ya asilimia ya kwanza kinalishwa kwa amri kama maandishi ya kusomwa. Kwa hiyo cron iliukata mstari wako palepale kwenye asilimia. Kilichofika kwa mfumo ni hiki tu:

tar czf /akiba/alama-$(date +

Mabano yamefunguliwa, hayakufungwa, amri imekufa kabla tar haijaanza. Ukipiga kwa mkono hakuna cron katikati, ndiyo maana inafanya kazi. Dawa ni kuitanguliza asilimia kwa alama ya \, iwe hivi:

0 16 * * 5 tar czf /akiba/alama-$(date +\%F).tar.gz /home/taaluma

Utauliza mbona hukuonywa. Cron hujaribu kumtumia mwenye ratiba barua pepe ya ndani ya mashine yenye malalamiko ya amri. Seva isiyo na mfumo wa barua inayatupa malalamiko hayo. Fungua /var/log/syslog utafute maneno “No MTA installed, discarding output”. Kama rekodi za Ijumaa bado zimo humo, utayakuta kwenye saa kumi kamili.

Hili nalijua kwa uchungu. Niliwahi kumwekea mzee mmoja mwenye duka la pembejeo huku Uyole ratiba ya namna hiyo hiyo, nikaijaribu kwa mkono, ikakubali, nikapokea hela yangu nikaondoka. Diski ilipokufa tukafungua folda ya akiba: hakuna kitu. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akaniuliza, “Sasa daftari la madeni tutaliandika upya kwa kumbukumbu ya nani?” Wakulima walikuwa wamechukua mbolea ya msimu mzima kwa mkopo. Sentensi ya kuniokoa ilikuwa humo humo ndani ya mashine yake na mimi sikuwahi kuifungua. Tangu siku ile sifungi kazi ya mtu kabla sijasoma maelezo yaliyo kwenye mashine yake.

Kwa hiyo ukisharekebisha, usisubiri Ijumaa. Weka saa ya dakika tano mbele na siku ya leo, subiri, kisha piga tar tzf ikifuatiwa na jina la faili jipya, usome kwa macho yako majina yaliyomo. Ndipo urudishe ratiba ya Ijumaa.

Sasa la kwanza. Ni kweli kabisa, na laiti kila shule ya huku juu ingefanya hivyo.

Karibu kila kifurushi (yaani programu pamoja na mafaili yake) unachoweka kwenye Debian huja na folda yake ndani ya /usr/share/doc. Hata leo, bila kuweka chochote, andika file:///usr/share/doc kwenye anwani ya kivinjari, utaiona orodha. Shida utaiona haraka: mafaili mengi yamebanwa, yanaishia na .gz, na ukibofya kivinjari kinataka kuyapakua badala ya kuyafungua. Kurasa za man nazo zinakaa kwingine. Mwanafunzi wa kidato cha pili atakata tamaa kwenye faili la tatu.

Kinachomaliza shida hiyo ni kifurushi kiitwacho dwww. Kinahitaji pia apache2, programu inayogawa kurasa kwa vivinjari. Siku ukiwa na bando, kwenye seva peke yake, piga:

sudo apt install apache2 dwww

Kisha fungua http://localhost/dwww/ kwenye seva hiyo hiyo. Ukikuta ukurasa haufanyi kazi, piga sudo a2enmod cgi, halafu sudo systemctl restart apache2. Utapata kurasa za man, kurasa za info (miongozo ya aina nyingine), na folda za vifurushi, vyote mahali pamoja na sanduku la kutafutia. Mafaili ya .gz yanafunguka kama kurasa za kawaida. Na lile crontab(5) la chini ya ukurasa linakuwa kiungo cha kubofya. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Kwenye skrini nyeusi ni lazima ujue jina la unachokitafuta kabla hujakitafuta. Kwenye kivinjari anatoka crontab anaingia cron, anarudi nyuma, anaingia date, anaona %F maana yake nini, na kila hatua amejichagulia mwenyewe. (Wale wanaozima mashine wafundishe leo leo herufi q, ndiyo mlango wa kutokea kwenye man.)

Mwanzoni dwww inahudumia mashine iliyomo tu. Ili zile nyingine 11 zisome, nakili kwanza faili la /etc/apache2/conf-available/dwww.conf mahali salama, kisha lifungue utafute Require local. Badilisha iwe Require ip ikifuatiwa na mwanzo wa anwani za maabara yako, mfano Require ip 192.168.1, uhifadhi na kuiwasha upya apache2. Kama seva ni 192.168.1.10, wanafunzi wataandika http://192.168.1.10/dwww/ na simu yako ibaki mfukoni. Usiifungue zaidi ya maabara. Kurasa hizo zinamwonyesha msomaji kila kifurushi ulichoweka na toleo lake, na hilo si la kumwonyesha kila mpita njia.

Jambo moja uliweke akilini: maelezo ya seva ni ya vifurushi vya seva. Kama wanafunzi wanatumia programu ambayo seva haina, iweke na seva pia. Na vifurushi vikubwa mara nyingi huachanisha maelezo yao kwenye kifurushi cha pembeni kinachoishia na -doc. Ukiwa bado na bando, ongeza python3-doc, apache2-doc na debian-reference. Hicho cha mwisho ni kitabu kizima cha mfumo, kinasomeka kwenye kivinjari.

Sasa mwalimu, bando si sababu yangu kubwa. Hata kama ungekuwa na intaneti isiyoisha ningekwambia hivi hivi. Majibu ya mtandaoni hayajui mashine yako ni toleo gani. Mteja wangu mmoja kutoka Kiwira aliniletea mpakato wenye Debian 11, waifai haiwaki. Nilifuata maelekezo ya mtandaoni: ongeza neno non-free-firmware, sehemu yenye programu za kuendesha vifaa kama waifai, kwenye orodha ya vyanzo vya apt, amri inayoleta vifurushi. Apt ikalalamika kuwa sehemu hiyo haipo. Nikadhani nimekosea herufi, nikaandika tena na tena mpaka Mwanjelwa yote ikafunga. Maelekezo hayakuwa na kosa, ila yalikuwa ya Debian 12, ambayo ndiyo iliyoanza kuitenga sehemu hiyo mwaka 2023. Kwenye Debian 11 programu hizo za vifaa zimo ndani ya non-free. Maelezo yaliyo kwenye diski yaliingia pamoja na programu yenyewe, yanazungumzia toleo hilo hilo ulilonalo. Na tafuta faili liitwalo README.Debian kwenye folda ya kifurushi: humo ndimo wanaotunza kifurushi wanapoandika walichokibadilisha tofauti na alivyokiacha mtunzi. Mimi huanzia hapo.

Najua lugha ni Kiingereza na kwa vijana wako huo ni mlima mwingine. Ushauri wangu: kila wanachokielewa wakiandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mmoja wa HTML, uwekwe kwenye seva. Debian ina mfumo wa kuorodhesha nyaraka uitwao doc-base, na dwww inausoma. Ndani ya /etc/doc-base/documents unaandika faili dogo lenye jina la waraka, kichwa, mwandishi, kundi lake, na mahali ukurasa ulipo, kisha unapiga sudo install-docs --install ikifuatiwa na njia ya faili hilo. Andiko la mwanafunzi wa Tukuyu kuhusu asilimia ndani ya cron litaonekana kwenye orodha moja na nyaraka za Debian. Ningefurahi sana kuliona hilo; likiwa tayari niandikie, kutoka Uyole kuja huko si safari.

SWALI: Kamwene Mama. Nasoma chuo hapa Iringa, mpakato wangu una diski ndogo na imejaa. Rafiki ameniambia nifute /usr/share/doc yote. Nifute?

JIBU: Kamwene mwanangu. Mfumo hautakufa, kwa sababu sera ya Debian inataka programu zisitegemee mafaili ya folda hiyo ili zifanye kazi. Lakini humo kuna leseni za kila kifurushi na maelezo utakayoyahitaji usiku ambao huna bando. Pima kwanza. Piga du -sh /usr/share/doc, kisha du -sh /var/cache/apt/archives, ulinganishe. Kama ni hiyo ya pili, inayohifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, iliyovimba, sudo apt clean inaifagia, na maelezo yako yanabaki.