Tulivyochora ramani ya mtaa wetu kando ya Msimbazi

Mkuu, umeuliza kama utengeneze programu ya simu ili wakazi wa mtaa wenu waripoti mitaro iliyoziba, na kwa nini kila uliyemweleza amesema "wazo zuri" halafu kimya. Nakujibu kwa kirefu, maana jambo hili lilinichukulia miaka na bado liko moyoni.

Kwetu ni bondeni, kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wengine hadi Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mwaka huohuo Tandale ilichorwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakawa wanazunguka na wakazi kuchora kata zinazofurika. Mimi nilikuwa upande wa wakazi.

Siku ya kwanza mlango wa tatu tu, mama mmoja akaniuliza, "Mnakuja kutuwekea X?" Unajua ile alama nyekundu ya bomoabomoa, mwisho wa mwaka ule nyumba za bondeni zilivunjwa kweli. Nikakosa la kusema. Aliyeniokoa ni mjumbe wa shina: "Mama, huyu si mtoto wa hapo kwa fundi cherehani? X ikija, inaanzia kwao." Tukakaribishwa ndani.

Nikamuuliza maji yalifika wapi. Hakutaja namba. Alisogeza kabati la nguo, nyuma yake ukutani kukawa na mstari wa tope, rangi ya chai ya maziwa. "Hapa. Mtoto nilimkalisha juu ya kabati hilihili." Tukapima kwa futi kamba, ikawa zaidi ya mita moja. Kuanzia hapo nikaacha kuwauliza watu habari za mita. Nilikuwa nauliza: kwenye kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua? Kila mtu alikuwa na jibu, hata watoto, na majibu ya nyumba jirani yalikuwa yanalingana.

Lakini kilichoubadilisha mtaa wetu kilikuja baadaye. Kabla yetu walipita watu wenye vishikwambi, wakauliza habari za vyoo na vipato, hawakuonekana tena. Watu waliumia kwa hilo kuliko unavyodhani. Kwa hiyo sisi tulichapisha ramani kubwa, tukaibandika ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti akaiweka kwenye ajenda ya mkutano. Mzee mmoja, mwashi mstaafu, akaiangalia kwa muda mrefu kisha akasema mtaro wa nyuma ya msikiti tumeuchora ukitiririka kinyume. Aliomba kalamu, akachora mshale mwenyewe. Kesho yake tukaenda naye, kweli alikuwa sahihi, tukarekebisha mbele yake kwenye kompyuta. Kuanzia siku ile aliyeisema vibaya ramani alikuwa anajibiwa na yule mzee.

Mkutano ule ndio uliokubaliana kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nguvu zote ziende kwenye sehemu tatu ambako mtaro unakabwa, badala ya kila mtu kufagia mbele ya mlango wake. Zamani tulikuwa tunabishana nani anatupa taka. Sasa tulikuwa tunanyoosha kidole kwenye karatasi moja. (Sehemu moja kati ya hizo tatu hatukuimaliza, kuna ukuta wa mtu umejengwa juu ya mtaro na kesi yake ni ndefu.)

Sasa programu yako. Usianze nayo. Wengi mtaani kwenu wana kitochi, na mwenye simu janja bando lake anaweka kwa hesabu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi, ilipoanzishwa Kenya mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, ilipokea taarifa hata kwa ujumbe mfupi wa kawaida na kuziweka kwenye ramani. Fuata mfano huo: asiye na intaneti aweze kushiriki.

WhatsApp inatosha kuanzia, ila fungua makundi mawili. Moja la matangazo, wanaoandika ni viongozi tu. Lingine la taarifa: picha, mahali, basi. Sisi tulichanganya, na ndani ya miezi miwili picha za mitaro zilizama chini ya siasa na salamu za asubuhi, akina mama wa vikoba wakajitoa, na wao ndio waliokuwa wanaripoti zaidi.

Na jambo moja nakusihi: usiweke majina ya wenye nyumba kwenye ramani iliyo wazi, wala nani anaishi peke yake, wala nani mpangaji. Hofu ya X si ujinga. Ramani inayoonyesha wapi pa kuzibua inaweza pia kuonyesha wapi pa kuvunja, na watu wana haki ya kuambiwa hivyo kabla hawajakufungulia mlango.

Nenda kwa mtendaji ukaombe barua, uzunguke na wajumbe wiki moja ukiwa na karatasi tu. Niandikie kata yenu hapa, nitaangalia kama majengo yake yameshachorwa, na kama bado nitakaa nawe tuyachore.