Maswali na Majibu: Taa ya ABS kwenye Gari la Familia Lililozeeka

Wasomaji kadhaa wenye Toyota Noah na Voxy, magari yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, wameuliza kuhusu ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga mtu anapokanyaga breki ghafla.

Taa ya njano ya ABS imewaka, lakini breki zinashika kama kawaida. Je, niendelee kuwapeleka watoto shule? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Mama, taa hiyo ikiwaka peke yake maana yake ni kwamba kompyuta imegundua hitilafu na kuuzima mfumo wa ABS, huku breki za kawaida zikibaki zinafanya kazi. Unaweza kulipeleka gari gereji kwa mwendo wa taratibu, ila usilizoee hivyo, kwa sababu siku ya mvua ukikanyaga kwa nguvu magurudumu yatajifunga na gari litateleza kwenda mbele hata ukikata usukani.

Ikiwa taa nyekundu ya breki imewaka pamoja na ya njano, simama mahali salama, uhakikishe kwamba breki ya mkono imeachiwa, kisha utazame kiwango cha mafuta ya breki. Kikiwa chini, kuna uvujaji au pedi zimekwisha. Kikiwa sawa, huenda mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umezimika, na hapo magurudumu ya nyuma yanaweza kutangulia kujifunga na kuligeuza gari. Usipakie watoto katika hali hiyo. Mwite fundi aje lilipo gari.

Fundi anasema pampu ya ABS imekufa, ninunue nyingine iliyotumika. Nimwamini? (Dodoma)

Kabla ya kutoa fedha, muulize amesoma kodi gani, yaani namba ya hitilafu, kwenye mashine inayosoma kompyuta ya gari. Katika Toyota nyingi, C0200 huelekeza kwenye ishara ya sensa (kifaa kinachopima kasi ya gurudumu) ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto. Akikutajia mojawapo ya hizo, uchunguzi uanzie kwenye gurudumu husika, wala si kwenye pampu.

Hata hapo, kodi haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema tu kwamba ishara ya upande ule haifiki sawasawa. Gurudumu livuliwe, na waya wa sensa ufuatwe kutoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) hadi kwenye klipu zinazoushikilia karibu na shokapu. Waya wa mbele hupindapinda kila usukani unapokatwa, na baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani ilhali mpira wa nje unaonekana mzima kabisa. Kisha mtu aendeshe polepole huku fundi akitazama kwenye mashine kasi ya magurudumu yote manne: lile linalobaki sifuri wakati mengine yanapanda ndilo lenye tatizo. Pampu hufa kweli, lakini naumia kuona familia ikinunua pampu kwa sababu ya waya uliokatika.

Nikikaribia kusimama kwenye lami kavu, pedeli hutetemeka na kunguruma, ingawa hakuna taa inayowaka. (Tanga)

Inaelekea ABS inafanya kazi wakati haihitajiki. Kutu ikijijenga chini ya sensa huisogeza mbali na pete inayozunguka na gurudumu, ambayo sensa huisoma, ishara hudhoofika kwenye mwendo mdogo, na kompyuta hudhani gurudumu limejifunga. Hewa ya chumvi ya pwani huchangia sana. Sensa itolewe kwa uangalifu bila kupigwa nyundo, kwani plastiki iliyozeeka hupasuka upesi. Kutu iondolewe pale inapokaa, na beringi ikaguliwe kama imelegea. Hadi hapo acha nafasi kubwa mbele yako, kwa kuwa mfumo unaachia breki wakati ule ule unapoihitaji. Mtetemeko ukitokea zaidi kwenye mwendo mkubwa na kufika hadi kwenye usukani, angalia diski kwanza.

Ninaishi barabara ya changarawe. Je, nichomoe fyuzi ya ABS? (Arusha)

Hapana. Ni kweli kwamba kwenye changarawe ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, lakini inakuachia uwezo wa kukwepa; kwa hiyo iache na upunguze mwendo. Fyuzi hiyo katika magari mengi huzima pia ule mgawanyo wa nguvu nilioueleza juu. Wala usikubali balbu ya taa itolewe. Ukinunua gari, washa swichi: taa ya ABS inapaswa kuwaka na kuzima baada ya sekunde chache, na isipowaka kabisa, uliza sababu.

Nikifunga breki kwa dharura, nipampu pedeli? (Mombasa)

ABS ikiwa nzima, kanyaga kwa nguvu na ushikilie, hata pedeli ikitetemeka. Taa ikiwa imewaka, kanyaga kwa kadiri, na ukihisi gurudumu linateleza achia kidogo kisha ukanyage tena.